Alama Zako Kwenye Fimbo ya Mlanzi

Kijijini, mwisho wa Oktoba 1977

Shangazi yangu,

Sikuulizi hali, maana nilikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi lako na najua ulipo. Nakuandikia kwa sababu nimechoka kuona kinyaa peke yangu. Barua hii nitaibandika kwenye mlango wa ghala la kijiji. Anayejua kusoma ataisoma, asiyejua atasomewa.

Nianze na fimbo. Unakumbuka mwaka ule wa kisomo cha watu wazima, ulipomaliza kujifunza tarakimu ukasema huwezi kukaa na namba kichwani bila kuzipa kazi? Ulikata mlanzi uliokomaa, mwanzi uliopita umri wa kugemwa, ukachonga alama kwa kisu, kila moja upana wa vidole viwili, ukauchomeka mtoni chini ya kinyungu chako, ile bustani ya bondeni, mahali maji yanapotulia. Kila asubuhi ulipokwenda kuchota ulitazama maji yamefika alama ya ngapi, na jioni ulipotoka kwenye maharage yako ulitazama tena. Kisha ulipita kwangu.

"Bwana Karani," uliniita, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi bila ofisi, "andika. Asubuhi sita, jioni mbili na nusu."

Nikakuuliza ni za nini.

"Wewe kila siku unaandika umekula nini. Nani amekuuliza ni za nini?"

Tukajaza madaftari matatu. Ukurasa kwa ukurasa, wewe ndiye uliyeona jambo ambalo sote tuliishi nalo bila kulisema: kwamba kiangazi mto wetu ni mito miwili. Mapema asubuhi, kabla watu hawajafungua mifereji, maji ni mengi. Ikifika mchana, vinyungu vyote vya bondeni vikiwa vinakunywa, yanabaki ya kulowesha visigino tu. Na vinyungu hivyo ndivyo vinavyotulisha mahindi mabichi na maharage wakati maghala ni matupu.

Ndipo mashine ya kijiji ya kusagia kwa dizeli ilipokosa mafuta, na wanawake wakaanza kubeba mahindi mpaka barabarani, kungoja lori la kuyapeleka kusagwa mjini, Mlandege. Wewe ulikwenda mara mbili, ukarudi umevimba miguu. Kwa hiyo tuliposikia kwamba upo mradi wa kuvipa vijiji gurudumu la maji la kusagia, ulifurahi kuliko wote. Ulikuja na ugoro wako, ukakaa kizingitini, ukaniambia nifungue madaftari.

"Waombe gurudumu dogo," ulisema. "Lisage asubuhi, kisha lipumzike, vinyungu vinywe. Namba zipo. Hawawezi kubisha."

Wazo hilo lilikuwa zuri na halikuhitaji kitu chochote tusichokuwa nacho. Nikiliandika sasa najionea kinyaa, kwa sababu najua kilichofuata na najua nilisimama wapi.

Wageni walitangazwa kuja Oktoba. Mwenyekiti akaitisha mkutano. Alisema kijiji cha jirani nacho kinautaka mradi, na kwamba wageni wakiukuta mto umenyauka watageuza gari. Akaagiza mifereji yote ifungwe siku mbili kabla, mto ujae. Watu walipiga makofi. Ndivyo tulivyo sisi: mgeni hapewi uji mwepesi, hata kama nyumbani mnakunywa huo huo. Wewe peke yako ulisimama.

"Mgeni akija tunafagia uwanja, sawa. Sasa tunauvisha na mto nguo ya kuazima?"

"Keti, mama," Mwenyekiti alisema. "Hii ni heshima ya kijiji."

"Nimekaa na mto huu kabla wewe hujaota meno. Huo si mto wetu mnaotaka kuwaonyesha."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, Shangazi. Nilikuwa katibu wa kamati ya kijiji, nimekaa mezani.

Siku yenyewe mto ulikuwa umejaa kama Machi. Mtaalamu wao alitupa gunzi majini, akatazama saa yake, akaandika. Alifanya hivyo mara tatu, na kwa kazi hiyo alikuwa sahihi kabisa. Alipima vizuri maji ambayo hayakuwapo. Kisha akauliza kama kuna mtu kijijini aliyewahi kupima mto huu.

Madaftari yalikuwa kwapani mwangu. Uliniambia niyabebe, nikayabeba. Ulikuwa ng'ambo, umeshika jembe, ukinitazama.

"Hapana, Ndugu," Mwenyekiti alijibu. "Sisi ni wakulima tu."

Nikayabana madaftari kwapani. Mtaalamu alitikisa kichwa kwa huruma, akajikuta ana tope kwenye buti, akatafuta cha kukwangulia. Aliing'oa fimbo yako. Alikwangua buti la kushoto, akakwangua la kulia, akaitupa kwenye magugu. Hakujua ni nini. Mimi nilijua. Nikamkaribisha chakula.

Jioni ile nilifungua shajara yangu, ambayo hakuna mtu anayeisoma isipokuwa mimi. Juzi nimeitazama tena. Imeandikwa: "Wageni wamefika. Ugeni umekwenda vizuri. Kuku watatu." Basi. Hakuna fimbo, hakuna daftari, hakuna wewe. Mtu kuwadanganya wakubwa naweza kuelewa. Lakini mimi nilimdanganya hata yule atakayesoma daftari langu la siri, na huyo ni mimi mwenyewe. Niliifunga kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika panya aliyeoza.

Nilipewa pia heshima ya kwenda kulipokea gurudumu lilipofika kwa lori Uyole. Chuma kikubwa, kirefu kuliko mimi. Mzee mmoja, fundi wa mabomba, alikuwa akisaidia kulifunga kwa kamba.

"Kijana, maji ya Oktoba mmeyapima?"

"Tumeyapima, mzee."

"Vizuri. Wengi hupima ya masika, kisha wanalia."

Sikusema uongo, ona. Tulikuwa tumeyapima, mimi na wewe, misimu minne. Nikapanda lori nikiwa nimekaa juu ya gurudumu, watu wa njiani wakinipungia.

Lilizunguka vizuri masika yote. Tulichinja, tukacheza, unga ukasagwa. Hata wewe ulileta debe lako, ukaonja unga kwa ulimi, ukasema ni laini. Mvua zilikuwa zimekatika mapema, na Agosti likaanza kupunguza mwendo. Septemba likawa linasaga mahindi vipande. Na hapo kamati, ambayo mimi ni katibu wake, ikaamua kwamba vinyungu ndivyo vinavyoiba maji ya mashine. Viibe vipi maji yaliyovinywesha tangu enzi za bibi zetu? Lakini niliandika azimio kwa mwandiko mzuri, na mgambo akazunguka kufunga mifereji, na bado gurudumu likasimama.

Nilikuja kwenye kinyungu chako wiki ile. Maharage yalikuwa yamejikunja kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Ulikuwa unayang'oa moja moja, unayaweka kwenye kapu kana kwamba yataliwa.

"Kamwene, Shangazi," nilikusalimu.

Uling'oa shina jingine, ukaliweka kapuni. Kisha ukasema, "Leo asubuhi ni mbili, Bwana Karani. Fimbo sina, nimepima kwa mguu. Andika."

Hilo ndilo la mwisho uliloniagiza. Sikuliandika. Homa ya mapafu ilikuchukua mvua zilipoanza, na gurudumu likazunguka tena, nikasikia mlio wake tukiwa makaburini.

Mwaka huu umekuwa kama ule, mvua haba. Mifereji imefungwa, mashine imesimama, kwa hiyo hatuna unga wala maharage. Wanawake wamerudi barabarani. Na kutoka juu imekuja barua: kijiji kieleze kwa nini mradi umeshindwa. Alhamisi kamati ilikaa mbele ya watu wote. Mwenyekiti akanisomea cha kuandika: mradi umekwama kwa sababu wakulima hawakufuata maelekezo.

Kalamu ilikuwa mkononi. Harufu ya ile sentensi ilinifika kabla sijaiandika. Nikaweka kalamu chini, nikatoa madaftari matatu chini ya meza, nikaanza kusoma. Oktoba, asubuhi sita, jioni mbili na nusu. Oktoba, asubuhi tano na nusu, jioni mbili. Nilisoma mpaka koo likakauka. Nikaeleza mpango wako, gurudumu dogo, mashine asubuhi, vinyungu mchana. Mwenyekiti alisema mimi naota. Watu hawakumtazama yeye. Walinitazama mimi.

Jirani yako Mama Vumilia ndiye aliyesimama. "Kwa hiyo ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Siku ile mgeni alipouliza?"

"Yalikuwa kwapani."

Alitema mate pembeni ya mguu wangu, wala si kwa hasira, kama mtu anayetema kitu kilichoingia mdomoni. Kisha akaja mezani, akayachukua madaftari yote matatu, akayafunga kwenye khanga. Hakuna aliyemzuia. Azimio lililopita baada ya hapo sikuliandika mimi: mifereji ifunguliwe kuanzia jua la saa nne, na waandikiwe wakubwa kuomba gurudumu la kiasi chetu, namba zikiambatanishwa.

Leo asubuhi nilikata mlanzi, nikachonga alama upana wa vidole viwili, nikashuka mtoni. Niliwakuta wanawake saba. Fimbo ilikuwa imeshachomekwa, palepale pako. Nikauliza ni ya ngapi, nikashika kalamu yangu.

"Hapana," alisema Mama Vumilia. "Kusoma tutasoma sisi, na kuandika tutaandika sisi. Tulisoma kisomo kimoja na shangazi yako. Wewe hatukuamini."

Wakaandika. Sikuonyeshwa.

Nilirudi kwa njia ya kinyungu chako. Mfereji ulikuwa umezibuliwa, udongo ulikuwa unameza maji kwa sauti. Nimeacha fimbo yangu pale kwenye kona ya bustani, huenda ikafaa kushikilia mmea wa maharage.

Pumzika, Shangazi. Asubuhi ile maji yalikuwa alama mbili, kwa mguu. Nimeiandika sasa.

Mtoto wa kaka yako,
ambaye zamani ulimwita Karani