Uso wa Bwana Shamba

Jumatatu, 29 Juni 1970

Nakwenda Tanga! Mdomo ulitangulia akili, lakini nakwenda. Katibu wetu wa vijana, Ndugu Kornelio, alituita ofisini mchana: Lushoto itapeleka lori kwenye maandamano ya Saba Saba, huko pwani. Juu ya lori udongo. Wanawake wanne wanalima matuta kwa shuruti, bwana shamba wa kikoloni anawafokea, kisha bendera inapanda, wote wanaimba.

Walimaji walipatikana upesi. Bwana shamba — hakuna. Wavulana wakatazama viatu vyao. Nani anataka kuzomewa na mji mzima? Nikanyoosha mkono. Kicheko! Msichana avae kaptula! Kornelio akasema mimi ni mrefu na sauti ninayo, yatosha.

Nina miaka kumi na tisa na sijapita Mombo. Ningekubali hata kuwa ng'ombe.

Jumatano, 1 Julai

Ukungu kutwa. Mazoezi nyuma ya ofisi. Kofia ngumu ya kizungu imepatikana, inanuka panya. Soksi mpaka magotini. Usoni unga wa muhogo uliokorogwa na mafuta, unakaza ngozi. Rafiki yangu Zuhura ni mmoja wa walimaji. Kila nikifoka anacheka mpaka jembe linamponyoka.

Nafoka vizuri. Sikujua! "Inua tuta! Mvivu wee!" Hata mate yanaruka.

Mzee Athumani mwenye duka alisimama kututazama. Hakucheka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kama mama anajua. Nikasema anajua.

Hajui.

Ijumaa, 3 Julai

Anajua. Lushoto ukipiga chafya, bonde la pili wanakuombea afya.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alimenya viazi vyote kwanza, akanawa, ndipo akaanza, kwa Kishambaa, taratibu. Mwaka ule wa matuta kila mteremko ulitakiwa upigwe matuta, na waliopinda mgongo ni wanawake. Mvua inanyesha. Mimi mgongoni kwake, nina homa. Tuta lake likabomoka. Akaomba ruhusa anipeleke nyumbani. Jibu: teke kwenye tuta la pili, lililokuwa zima, na amri ya kuanza upya yote mawili.

Nikamwuliza huyo mzungu alikuwaje.

Akanitazama kama mtu asiye na akili. Mzungu? Mzungu alikuwa garini, vioo juu, anaogopa mvua. Aliyepiga teke alikuwa Mshambaa mwenzetu. "Alinifokea kwa lugha yangu, na kila neno nililielewa."

Nani?

"Yupo. Jumapili huwa tunapeana mikono mlangoni mwa kanisa."

Akainuka kuchochea moto. Akasema nivae kofia yangu nikaone bahari, ila huyo ninayemwigiza yeye hamjui.

Nimekosa usingizi. Nawatafuta kichwani wazee wote wa kanisani, mmoja mmoja, naangalia miguu yao.

Jumamosi, 4 Julai

Nilimfuata Kornelio asubuhi. Nikamwambia: tuache unga. Niwe mtu mweusi mwenye fimbo. Ndivyo ilivyokuwa.

Akafunga mlango. Saba Saba ni siku ya umoja, akasema, na mimi nataka tukaonyeshe mtu wetu akimtesa mtu wetu — mbele ya Mkuu wa Mkoa? Akauliza kama najua nitamtia nani matatani. Nikasema sijui, wala sitaji jina la mtu. Akasema mwisho wa maneno: nipakwe unga, au nibaki Lushoto nipande kabichi.

Nikasema sawa, Ndugu Katibu. Upesi hivyo! Nimejichukia njia nzima mpaka nyumbani. Lakini bahari naitaka. Naitaka mno.

Jumatatu, 6 Julai — Tanga

Kona za kushuka Mombo zimetumaliza. Zuhura ametapika kila tulipopinda. Matuta yetu juu ya lori yamelala, ni udongo mtupu, kila mtu ana vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Tunalala darasani, kwenye mikeka. Joto! Sweta langu nimelifanya mto.

Nimeiona. Haitulii. Nilidhani nitasimama nitosheke, kumbe mtu unaitazama na miguu inataka kwenda, haijui wapi. Nimekaa dakika tano nikarudi. Nikaenda tena.

Na jioni — Mama! Yuko na akina mama wa UWT, umoja wa wanawake, wamekuja kwa basi. Hakuniambia hata kidogo. Nikampa shikamoo, akauliza kama nimekula. Nimekula. Basi. Akaenda zake.

Jumanne, 7 Julai

Naandika nimeegemea ubao wa lori, haraka. Tuko kwenye foleni barabara ya bandarini. Mbele yetu lori la mkonge, watu wamevaa nyuzi mwili mzima. Nyuma ngoma. Jua linachoma.

Zuhura hawezi kusimama. Kornelio alikwenda kuomba mlimaji kwa akina mama. Akarudi na mmoja tu aliyekubali. Mama yangu. Nilikuwa tayari nina unga usoni, kofia kichwani, fimbo mkononi. Akakanyaga gurudumu, akapanda, akajifunga khanga kiunoni. Hakunitazama. Akashika jembe akaanza kuyainua yale matuta yaliyolala, polepole, mgongo umepinda.

Sikuweza. Nikaruka chini, nikakimbia mpaka majini. Nikanawa uso. Maji yanawasha! Chumvi machoni, puani, mdomoni. Nikasugua mpaka unga wote ukatoka. Watu wananicheka — mzungu anaoga!

Nimerudi nimelowa mpaka kifuani. Mama akaacha kulima. Akanitazama usoni, kofia, fimbo, uso tena. Nikasema Mama, ukitaka nashuka.

Akasema kwa Kishambaa: "Sasa ndiye. Kaa hapo hapo. Fokea kwa lugha yetu. Leo nami nitamjibu."

Lori la mkonge limeondoka. Dereva wetu amewasha injini. Kornelio anakuja mbio na kopo la unga, ananiita jina langu na la baba yangu, na Mama amesimama kwenye ukingo wa lori, jembe amelishika kwa mikono miwili, hampishi. Naacha kuandika, nashika fimbo.