Krismasi ya Mama kwenye Taarifa ya Saa Moja

Embu Mjini,
Jumapili ya mwisho ya Januari.

Kwa kaka yangu Njura,

Pokea salamu zangu, wewe na nyumba yako yote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na wifi yangu Kananu na huyo Kajuju wenu, ambaye nasikia siku hizi anakimbia mpaka mnalazimika kufunga mlango. Baridi ya Meru inawatendeaje? Na viazi vinakwendaje pale sokoni Gakoromone? Huku tunaishi. Mimi ni mzima wa mwili ila nimechoka, Kaka, uchovu ule ambao mtu hulala nao na kuamka nao.

Usishangae kuletewa karatasi zama hizi. Simu yangu uliifungia, na sikulaumu. Nimempa Misheck, yule dereva anayeleta maembe huko sokoni, na nimemwomba asiondoke mpaka akuone umeifungua. Wewe soma tu mpaka mwisho, halafu ukitaka kuendelea kunikasirikia, endelea. Ninaloomba ni moja: uje nyumbani Kiambere kabla ya Pasaka. Sababu nitakupa, lakini wacha nianzie pale palipokuuma.

Kananu aliniambia jinsi ulivyoiona taarifa ile. Kwamba jioni ya kuamkia Krismasi ulikuwa hotelini na wafanyabiashara wenzako mkinywa chai, mara Mama akatokea kwenye televisheni ameketi kwenye kigoda, na maandishi chini yake yakisema ni mjane asiye na sikukuu. Kwamba mtu wa meza yenu akauliza kama kweli mama huyo alizaa, na wewe ukainuka bila kumaliza chai. Alisema siku ile hukula. Pole sana, Kaka. Natanguliza pole kabla ya maelezo kwa sababu maelezo hayamshibishi mtu.

Wewe unaniona nikiwa na maikrofoni unadhani nasema ninachotaka. Kwetu stesheni kila sikukuu ina sura yake, na sura hiyo ilikuwa imeshakatwa na kushonwa kabla sijaajiriwa. Idd ni safu za wanaume wameinama uwanjani, kisha sinia la pilau. Niliwahi kumhoji mama mmoja Mwislamu wa hapa mjini, akanieleza vizuri sana jinsi anavyozungukia majirani kuomba msamaha kabla ya sikukuu, hata wale waliomkosea yeye. Walikata yote, wakaacha pilau. Diwali ni familia moja tu ya wenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa sababu ndiyo familia tunayoijua. Tunawaomba wawashe taa zao saa saba mchana, mapazia yamefungwa, ili picha ziwahi kufika Nairobi. Mwaka jana mama wa nyumba ile aliniuliza kwa upole kama tunajua kwamba wana sikukuu nyingine pia. Nikaona aibu, nikamwambia tutarudi, na hatukurudi.

Siku ya Mashujaa ni mzee wa koti kuukuu aliyepigania uhuru, akilalamika kwamba amesahaulika. Wa mwisho niliyemhoji, kule Runyenjes, alitaka kunisimulia kuhusu msichana aliyekuwa akiwapelekea viazi vitamu msituni, ambaye baadaye alimwoa. Alikuwa anacheka akisimulia. Nikamrudisha kwenye malalamiko, maana ndiyo niliyotumwa.

Krismasi nayo imegawanywa kimkoa. Pwani wanapewa ufuo wa bahari. Nairobi wanapewa maduka makubwa na yule mzee wa ndevu za pamba anayetokwa jasho. Meru na huku juu Embu wanapewa vijana wakishuka kwenye magari na mifuko ya shopingi, mama zao wakiwapigia vigelegele. Na sisi Wambeere tumepewa njaa. Mvua inyeshe, isinyeshe, Desemba ikifika natumwa Kiambere kutafuta sufuria tupu.

Safari hii mvua ilikuwa imenyesha, Kaka. Mashamba yalikuwa ya kijani mpaka kwenye ukingo wa bwawa, na nilimwambia hivyo mhariri wetu wa Nairobi. Akanijibu kwa simu, "Ruguru, kijani ni stori ya kawaida sana. Mimi nataka machozi." Nikaenda. Yule mama tuliyeahidiwa na mzee wa kijiji tulimkuta kavaa gauni jipya, yuko njiani kwenda mazoezi ya kwaya. Akatuambia njaa yake ilikuwa ya mwaka juzi, kwa nini hatukuja wakati ule. Mwongera, mpiga picha wangu, alicheka mpaka akaketi chini. Mimi sikuweza hata kucheka.

Jua likiwa limepinduka na hatuna kitu, tukaenda kwa Mama kuomba chai. Unamjua Mama. Alitupakulia muthokoi, yale mahindi yake ya kukoboa, na ndengu mpaka Mwongera akalegeza mshipi. Akiwa anakula, Mwongera akawa anaangalia zizi, mbuzi wamejaa, na lile beberu kubwa jeupe mbele yao, akauliza kwa nini mama mwenye mali hivyo anakula ndengu Krismasi. Mama akamweleza unayoyajua. Kwamba kwake mbuzi wa sikukuu hachinjwi na mwanamke. Kwamba tangu tumzike Baba, kisu ni cha mwanawe wa kwanza, na mwanawe hajarudi. Kwamba majirani wamejitolea kila mwaka kumchinjia, naye anakataa, kwa sababu jirani akichinja katika boma lile ni kama ametangaza kwamba Njura wa Ngari amekufa.

Nikaona hiyo ndiyo stori. Siyo njaa, ni mama ana mbuzi zizini na hana wa kumchinjia. Nikamwomba ayarudie mbele ya kamera, na yeye ambaye huikimbia kamera kama kuku anavyokimbia mwewe akakubali mara moja, akaenda kubadilisha kitambaa. Alisema yote. Alitaja mbuzi, alitaja kisu, akasema chakula kipo na watu ndio hawapo. Halafu machozi yakamtoka, akasema anakula ndengu zake peke yake na mtoto wake yuko hai. Nilituma kila kitu Nairobi. Jioni nikaona kama ulivyoona wewe: machozi, ndengu, na mtoto wake yuko hai. Nilipompigia mhariri kumuuliza mbuzi wako wapi, aliniambia mbuzi wanaharibu stori.

Wakenya wana huruma, hilo siwanyimi. Kabla ya mwaka mpya kikundi kimoja cha kanisa kilitoka Nairobi na magunia ya unga, blanketi, na mbuzi. Ndiyo, Kaka, walimletea Mama mbuzi. Alipopigiwa simu kwamba wako njiani aliwahamisha mbuzi wake wote akawafungia nyuma ya choo, ili wageni wasione aibu. Akawaombea, akawapa maembe. Walipoondoka akamfungulia huyo wa msaada akajiunge na wenzake.

Nilikwenda siku ya mwaka mpya kumwomba radhi. Nilikuwa nimejipanga kulia. Mama akanisikiliza, halafu akacheka kile kicheko chake cha puani, akaniambia nisijisumbue, kwani alijua kwamba mbuzi watakatwa. Nikamuuliza alijuaje. Akasema amefuatilia taarifa zangu miaka yote dukani kwa Nelius, na anajua tunachobakiza na tunachotupa. Hatujawahi kuonyesha Mmbeere aliyeshiba. Akasema amekuwa akikupigia simu na wewe kila mara unajibu kwamba utakuja, na neno hilo limemchosha masikio. Kwa hiyo aliponiona na kamera akajua kwamba, wakikata watakavyokata, watabakiza machozi, na machozi yatakufikia. Hakutaka kukuaibisha. Alitaka umsikie siku ambayo huwezi kumwambia unakuja, halafu ukakata simu.

Mimi niliyesomea kazi hii nilikuwa nimeketi pale kama mwanafunzi. Lakini sikucheka naye, kwa sababu kuna jambo jingine nililolijua na yeye halijui. Kananu ameniambia kwa nini huji. Mimi miaka yote nilidhani ni yale maneno yako na Baba Mdogo siku ya mazishi. Kumbe ni aibu. Kwamba tangu lori lako la viazi liozee njiani hujasimama vizuri, na umeapa hutashuka garini pale stendi yetu ya Kiritiri na mfuko mmoja mkononi wakati wenzako wanashuka na shopingi ya mwaka mzima. Kwamba kila Desemba ukiona wale vijana kwenye taarifa unazima televisheni na kusema mwaka ujao. Kananu anasema yupo mmoja ambaye hujamsahau, yule aliyeshuka na friji mgongoni na watu wakampisha njia.

Kaka, yule wa friji nilimhoji mimi. Alikuwa fundi. Friji ilikuwa ya mteja, alikuwa anairudisha baada ya kuitengeneza. Alituambia hivyo akihema, na hilo nalo likakatwa. Na hao wengine wenye mifuko, wengi nimeongea nao. Kuna aliyeniambia ameazima koti. Kuna aliyeniambia mfuko ule una nguo chafu anazomletea mama yake afue. Nyumba nzima za watu zimekaa kimya Krismasi kwa sababu ya picha hizi, na moja ni yetu. Ukweli huo unanichosha kuliko barabara zote ninazosafiri. Sina hata hasira tena, nimechoka tu.

Sasa nifikie sababu niliyokuahidi, na hii Mama aliniapisha nisikuambie.

Siku ile ya mwaka mpya alipokuwa akinimiminia chai nilimwona ametumbukiza kidole kikombeni. Nikadhani ameteleza. Akamimina cha pili, akatumbukiza tena, na chai ilipogusa kidole akasimamisha birika. Nikamwita, nikainua mkono wangu kimya mbele ya uso wake, upande wa kushoto. Hakupepesa. Nilimpeleka hospitali hapa Embu wiki iliyofuata. Daktari amesema ni presha ya macho, na imeanza kitambo. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linaona kidogo, mbele tu, na kukiwa na mwanga mzuri. Kilichopotea hakirudi. Anawekewa matone asubuhi na jioni kuchelewesha kilichobaki, na daktari hakutaka kuniambia kitakaa muda gani.

Kwa hiyo pale dukani kwa Nelius alikuwa anasikiliza, haangalii. Mbuzi wake anawajua kwa kengele na kwa kushika migongo. Na watu wale waliosifu jinsi alivyoikazia kamera macho bila woga, wakaandika mitandaoni kwamba mama huyu anatazama moyoni mwako, hawakujua. Alikuwa anaelekea upande aliposikia sauti yangu.

Nilipomuuliza kwa nini alificha, alisema hakutaka uje kwa sababu ya kuhurumiwa, alitaka uje kwa sababu ni kwenu. Halafu akaniuliza Kajuju anafanana na nani. Nikamwambia wanasema amechukua paji la uso la Baba. Akasema hilo angependa kuliona yeye mwenyewe, asiambiwe. Kaka, nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi.

Basi njoo. Usitafute unga, unga umejaa mpaka tunawagawia majirani. Usiazime koti. Mlete mtoto na mama yake mchana, jua likiwa limewaka vizuri, umketishe Kajuju mbele yake, upande wa kulia. Mimi nimeomba ruhusa kazini mpaka Pasaka ipite. Mhariri amenuna, akasema sikukuu ndiyo mavuno yetu. Nikamwambia atafute mvunaji mwingine. Kama watanifukuza nitajua huko mbele, sasa hivi sina nguvu ya kuliogopa hilo.

Msalimie sana Kananu, umwambie nimemvunjia siri kwa nia njema asiniwekee moyoni. Mbusu Kajuju. Wasalimie na wenzako wa pale hotelini, hata yule aliyeuliza kama Mama alizaa, maana hakujua anamuuliza nani. Mama naye anakusalimu kila siku, ingawa hajui kama nakuandikia.

Kitu kimoja tu, Kaka, tafadhali usikisahau. Ukifika langoni usisimame kimya ukitabasamu, ukimngoja akutambue. Mwite kwanza.

Ni mimi dada yako,
Ruguru