Kinachoitikia Kinamasini

Isla Tuju, Ñeembucú,
14 Novemba.

Mpendwa dada Zunilda,

Pokea salamu nyingi kama mbu wa huku, yaani hutazimaliza. Hujambo huko Buenos Aires? Cherehani inakwendaje, na ule mgongo uliokuwa ukikuuma umetulia? Unakula lakini, au umekonda kama wanawake wa kwenye matangazo? Sisi wazima. Baba yako, mjomba wangu, mzima. Nalisema hilo mapema kwa makusudi, ili uyasome yanayofuata ukiwa umekaa.

Najua unaucheka mwandiko wangu. Cheka tu. Mimi niliyeitoroka shule ndiye ninayeandika, na wewe uliyeimaliza hujatuletea hata mstari tangu Pasaka. Simu siwezi kukupigia kwa kuwa sina sauti. Ndiyo, mimi Digno, mwenye koo kubwa kuliko yeyote kuanzia hapa hadi mtoni, sasa naongea kama bata aliyekabwa. Mama yako anasema hajapata raha kama hii tangu nizaliwe.

Mvua imetukomesha. Maji yamefika ua wa nyuma, kuku wanalala juu ya paa la jiko. Basi Pintada, yule ng'ombe wenu wa maziwa, akapotelea kinamasini, na baba yako akapanda farasi kumfuata. Saa ya usingizi wa mchana farasi akarudi peke yake, tandiko limepinda ubavuni, tope hadi masikioni.

Mama yako hakulia. Alichukua upondo, akasukuma mtumbwi majini, akaniambia, "Wewe uliyezaliwa kupiga kelele, leo umepata kazi. Panda!"

Wewe unaijua adabu yetu. Mtu akipiga sapukái, lile yowe letu refu, aliyelisikia sharti aitikie, awe adui, awe na mhogo mdomoni. Kutoitikia ni kama kumwambia mwenzako umeshamzika. Kwa hiyo nilipiga. Dada, nilipiga moja! Korongo waliruka upande mzima. Na mbali, kwenye matete, nikaitikiwa.

"Umesikia?" nikasema. "Mjomba huyo. Nani kama mimi?"

Tukaelekea huko. Nikapiga tena, nikaitikiwa tena, karibu zaidi. Mara mama yako akaacha kusukuma.

"Digno. Mume wangu yowe lake linaishia kwenye kikohozi, tumbaku ile. Huyu hakohoi."

"Labda kapona."

"Mjinga wewe, hilo ni yowe lako. Lako, pamoja na mkia wake wa madaha unaowawekea wasichana."

Hapo ndipo vyura waliponyamaza. Wote, kwa pamoja. Kisha ukaanguka umande, mchana kweupe, jua utosini, na maua ya magugu maji yaliyokuwa yamejifunga kwa joto yakaanza kufunguka, moja baada ya jingine, kwa mstari, kama yanafungulia njia kitu kinachopita chini.

"Lala kifudifudi," mama yako akanong'ona. "Ukimwangalia machoni, mamako nitampelekea nini?"

Mbói Tu'ĩ, dada. Nyoka mwenye kichwa cha kasuku, yule tuliyetishiwa naye utotoni tusiue vyura. Mimi nilikuwa namcheka. Wewe pia ulimcheka, usijitoe.

Ndipo baba yako akapiga yowe, yeye mwenyewe, kwa mbali mkono wa kulia, na kikohozi chake mwishoni. Nikafungua mdomo kuitikia. Mama yako akauziba kwa kiganja, vitunguu vya kiganja kile navinusa hadi leo. Lakini mwingine aliitikia. Alimrudishia baba yako yowe lake, kikohozi na vyote. Maskini mjomba akafurahi!

"Huku, Digno! Huku, mwanangu! Tope limenifika kifuani!"

Na yale maua yakageuza njia, yakaanza kufunguka kuelekea kwake. Bila haraka, kama mgeni aliyealikwa.

Mama yako akaondoa mkono mdomoni mwangu. Alinitazama, nikajua anachoniomba na kwamba hawezi kukitamka. Nikasimama nikapiga. Hapa niache nijisifu kidogo, maana halijawahi kutoka yowe kama lile Ñeembucú nzima.

Nyoka akageuka. Nikajitupa chini.

Machoni sikumwangalia, lakini mtumbwi unavuja, na katika maji yaliyotuama mbele ya pua yangu nilimwona: manyoya mabichi yanayochuruzika, mdomo uliopinda ambao ungemeza ndama, ulimi mwekundu wenye ncha mbili. Vyura wadogo walikuwa wakimdondoka shingoni na kuniangukia mgongoni. Alinukia maua. Niliogopa, suruali yangu ni shahidi. Ila juu ya woga palikuwa na kitu kingine, kama pale kengele ya misa inapolia nawe unaona huna haki ya kuinua kichwa. Nilikaribia kumshukuru, sijui kwa nini.

Kisha akapiga yowe langu. Lilikuwa langu hasa, ila zuri vile nilivyotamani siku zote liwe. Masikio yalikufa. Yalipofufuka, maua yalikuwa yamejifunga na vyura wanaimba. Sauti yangu ndiyo haikurudi.

Baba yako tulimkuta ameng'ang'ania mkia wa Pintada, naye Pintada kasimama kwenye kichuguu anacheua, hana habari.

"Mbona mmezunguka hivyo?" akatufokea. "Nimewasikia kila upande!"

"Shika upondo, mzee, maswali baadaye," mama yako akajibu. Alipokwisha kumtoa ndipo akalia, huku akimpiga kwa kofia yake mwenyewe.

Sasa sikiliza, maana unakuja kwa sikukuu ya Bikira wa Caacupé, na najua utakatisha kinamasini kwa mtumbwi. Tangu siku ile, mchana, yowe hutoka kwenye matete. Langu. Juzi Ña Obdulia, jirani yetu, alikuwa akifua akataka kuliitikia. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni pake nakunywa tereré, chai yetu ya baridi. Akanitazama mdomo, umefumba. Nguo zote zikaenda na maji.

Basi ukinisikia nakuita, dada, usiitikie. Utajiona huna adabu, utaona unamkana ndugu yako. Nikane. Nyamaza, ulale chini, umwache apite.

Mama yangu anakusalimu, baba yako na mama yako pia, na bibi Ceferina anauliza utakuja na mume au utakuja na visingizio tena. Bikira akufunike kwa vazi lake njia nzima, akufikishe kimya kimya.

Wako akupendaye, ambaye ukimsikia si yeye,

Digno