Wanataka Kukuhamisha, Baba

Baba yangu,

Chuoni wamepata mwalimu mpya wa historia, wa kushika nafasi yako. Nasikia jamhuri nzima ya Waingereza, ile ya karne ya kumi na saba, anaimaliza kwa kipindi kimoja. Kipindi kimoja, Baba! Wewe darasani ulikuwa hujamkata mfalme wao kichwa mpaka Ramadhani inaingia.

Nimekukumbuka mno. Na nina jambo la kukwambia.

Ami Salum amepiga simu kutoka Unguja. Anataka ufukuliwe hapa Maryland, urudishwe nyumbani, uzikwe ubavuni kwa Bibi. Wadogo zangu wamekubali. Wananisubiri mimi mkubwa wao, na moyo wangu nusu unasema ndiyo. Uliondoka baada ya mapinduzi ukijua utarudi upesi, ukazeekea hapa Greenbelt. Kila ulipoeleza jinsi Waingereza walivyomwondoa mfalme wakaishia kutawaliwa na wanajeshi, macho yako yalikuwa Unguja.

Unakumbuka tulivyokuwa tukila? Sinia moja la pilau, nawe unaligawa kwa kidole: kila mtoto meja jenerali wa upande wake, kama yule mkuu wa wanajeshi hao alivyoigawa Uingereza kwa majenerali wake. Mtu akivuka kufuata nyama ya mwenziwe, unapiga ukelele, "Uasi huo!" Mama ananuna, wali unapoa, sisi tunacheka mpaka tunapaliwa.

Lakini ukifika mwisho wa hadithi yao ulikuwa huli tena. Mkuu yule kafa, mtoto wa mfalme karejea kutawala, na maiti ya mkuu ikatolewa kaburini ikatundikwa watu waitazame. Ulimwita dhalimu siku zote. Hata hivyo ulinawa mkono ukasema, "Maiti haguswi. Awe nani, aachwe alale."

Ami anafanya kwa mapenzi, najua, wala sikulinganishi na mtu yule. Ila jembe ni jembe, Baba. Sitaki ligonge juu yako.

Kwa hiyo nitamwambia hapana. Atakasirika, na watu watasema binti yako kakutupa ugenini. Waache waseme. Ninachokililia ni kwamba hukurudi ukiwa hai, na hilo halitengenezwi na ndege yoyote.

Kwaheri, Baba mpenzi. Kiangazi nitakwenda Unguja mwenyewe, kwa mara ya kwanza, na wanangu wanaonijibu Kiingereza. Nitamwombea Bibi dua kaburini kwake na kumfikishia salamu zako. Wewe lala. Ulishang'olewa mara moja, na mara ya pili sitaikubali.

Binti yako,
Mwanaidi