Bango Linawaka, Kibali Bado

Jumanne.

Nilijua atakuja tu. Kibali cha bango la taa la saluni hakijatoka, nami nimeliwasha tangu Jumapili. Leo alasiri afisa wa halmashauri kafika, linawaka juu ya kichwa chake. Akiandika hivyo, linashushwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Nikamshika mkono, sikuuachia. Nikauliza habari za nyumbani, za mama yake, za ng'ombe, za mvua. Kijana wa Kisukuma aliyelelewa vizuri hamkatizi mama katikati ya salamu. Tulikuwa tumefika kwa shangazi zake umeme ukakatika.

Akatazama juu, akatabasamu, akaandika: "Haliwaki."

Umeme umerudi. Naogopa, sifichi. Ila akija kesho, wajomba zake sijawaulizia hata mmoja.