Mkono wa Ami Salim

Jumanne, baada ya Isha

Bado nafikiria vile moyo unavyokwenda mbio ilhali mtu ametulia.

Ami Salim, mchonga milango, alijikata paja kwa patasi. Bibi akamfunga leso, ikalowa damu. Ami akahangaika, akaomba maji, kisha akanyamaza.

"Alhamdulillahi, ametulia," Bibi akasema, gilasi mkononi.

Nikamshika ami mkono. Ulikuwa baridi, una jasho, mapigo mepesi ya haraka. Chuo cha udaktari tulifundishwa kwamba utulivu huo si nafuu: damu imepungua, moyo unakimbia kuisambaza iliyobaki.

"Bibi, usimpe maji, yatampalia! Kandamiza jeraha, naita tuktuk."

Jioni, baada ya kuongezwa damu, ami alinitania wodini: "Wewe daktari gani, waninyima maji?"

Nikamshika mkono tena. Ulikuwa na joto.