Mfichie Mama Ufagio

Dada Mutheu,

Salamu nyingi kutoka Hamburg, ambako leo jua limetoka kidogo na watu wote wamekimbilia nje kama kuku waliofunguliwa. Mimi ni mzima. Kifua chako kimepona? Na yule mbuzi wako mwizi, bado anaingia jikoni kwa mama? Naanza na hayo kwa sababu ndivyo tulivyofunzwa, mtu asiingie kwa maneno kabla ya salamu. Lakini nakuambia mapema, hii si barua ya kusomewa watu. Nimempa mwenzangu wa Kasikeu anayekuja likizo akuletee mkononi, kwa sababu simu yako ikilia tu mama anasema weka sauti tusikie wote. Isome peke yako. Ukimaliza, itie kwa jiko.

Uliniandikia: “Kioko, kikundi wananiuliza kila siku. Tulikosea wapi? Si ulisema tujipange, na tukajipanga?” Nimekaa na hilo swali wiki tatu. Jibu ni kwamba hamkukosea popote. Mimi ndiye niliyekosea, na ninyi ndio mnaoumia.

Huwa unawaambia watu kwamba ndugu yako anafanya kazi ya kompyuta Ujerumani. Ngoja nikuambie ni kazi gani. Kuna matajiri wametoa pesa nyingi ili akili bandia isaidie kupigana na ukame na kuokoa ardhi. Hiyo akili bandia ni kompyuta inayofundishwa kama mtoto wa nasari: unaionyesha picha, unaiambia huu ni mti, huu ni mtaro, hii ni ardhi iliyokufa. Picha zinapigwa na setilaiti kutoka juu kabisa. Mwalimu wake ni mimi. Walinichukua kwa sababu mimi ni mtu wa Ukambani na sehemu hizo nazijua. Nilikaa kwa kiti miezi mingi nikichora mistari. Nikiona udongo mwekundu usio na kitu juu yake, naandika: ardhi iliyoachwa. Nikiona nyasi na vichaka kando ya mitaro, naandika: watu wanatunza. Ilishika haraka kuliko wewe ulivyoshika hesabu.

Ilipohitimu, ikapewa kazi ya kuchagua vikundi vya kujengewa bwawa la mchanga mtoni, ule ukuta unaokusanya mchanga ili ushike maji. Hakuna mtu anayechagua, ni yenyewe. Wanasema hivyo hakutakuwa na upendeleo.

Na mimi nikataka upendeleo. Unakumbuka ile simu ya mwezi wa nane mwaka jana. Tulikuwa tumekatazwa kumwambia mtu yeyote siku ya picha, lakini nilimpigia mama nikamwambia, “Mwaitu, wiki ijayo mtapigwa picha kutoka juu. Ni watu wa bwawa. Jitayarisheni.” Nilijiona mjanja sana. Tangu niwe na akili namwona mama akienda na mitungi alfajiri na kurudi jua limeshapanda, nikasema safari hiyo sasa mimi nimeimaliza. Sikuwa nataka kitu kingine kwa hii kazi, nakuapia.

Wiki nzima sikufikiria kwetu mtu akiambiwa ajitayarishe hufanya nini.

Dada, mimi na wewe tumelelewa na ufagio. Hata pasta akisema anapita tu kuomba na mgonjwa, kila jani linaokotwa. Boma lenye nyasi ni la mvivu, na ni la nyoka. Msichana wangu wa kwanza mama alimkataa kwa sababu alipita kwao akaona nyasi mlangoni, na hakutaka hata kujua jina lake.

Basi mama akaita mwethya, na kikundi kizima kikaja kufanya kazi. Wewe mwenyewe uliniandikia jioni hiyo, na ile meseji bado ninayo: “Leo watu wote wamekuja na panga na fagio. Tumefyeka vichaka yote ya kando ya mitaro, nyasi tumeng'oa, takataka tumechoma, mpaka miti tumekata matawi ndio setilaiti ione boma vizuri. Hapa hapajawahi kuwa smart hivi. Mama anasema hata Mungu akiangalia atashangaa.” Nilisoma nikiwa kwa treni, nikacheka. Kisha nikashuka kituo ambacho si changu nikakaa kwa benchi, maana nilikuwa nimeelewa. Siku ya picha ilikuwa kesho yake, na nyasi haioti kwa siku moja.

Wale wa ng'ambo ya mto, wale mama huwaita Wana wa Kulala, hawakuambiwa kitu na hawakufyeka kitu. Mitaro yao ilijiotea majani jinsi ilivyotaka. Kompyuta ikaona kijani, ikasema hawa ndio wachapakazi, ikawapa bwawa. Sasa unaniandikia kwamba mama yetu, mwenyekiti mzima wa kikundi, anavuka na mtungi kuwaomba maji, na wanamweka mwisho wa foleni wakisema, “Karibu, mama wa kufagia.” Unataka niifanye nini habari kama hiyo? Hapa hata mahali pa mtu kupigia kelele hakuna.

Na bado. Mwezi jana wenye pesa walikuja ofisini kuamua kama wataongeza. Bosi wangu, mama mmoja mpole anaitwa Anke, akaonyesha picha ukutani, kubwa kama ukuta wa kanisa. Niliijua kabla hajafungua mdomo. Bati letu lenye kiraka cha bluu, choo, ghala, kaburi la baba. Na kuzunguka hayo yote udongo mwekundu mtupu, safi kabisa. Anke akasema, “Hapa watu wamekata tamaa. Wameiacha ardhi ife.” Wageni wakatikisa vichwa kwa huruma. Halafu akanigeukia. “Kioko anatoka sehemu hizo. Kioko, si ni kweli?”

Ningeweza kusema hilo ni boma la mama yangu, na Makueni nzima hakuna anayetunza shamba kumshinda. Lakini wangeniuliza kwa nini lilifyekwa wiki ile ile ya picha, na ni nani alitoa siri. Kazi ingeishia hapo, na kibali changu cha kukaa pia. Nikasema, “Ndiyo. Ni kweli.”

Pesa ziliongezwa, nyingi zaidi ya zile za kwanza. Karibu zote zinaenda kwa kompyuta, ipanuliwe ione nchi nyingine. Za mabwawa ni kidogo zilizobaki. Anke alinishukuru akaninunulia keki. Nikaila yote, Mutheu, na ilikuwa tamu. Najichukia kwa hiyo keki kuliko kwa lile neno.

Sasa sikia, hii ndiyo sababu ya barua. Picha zingine zitapigwa mwezi wa kwanza, mvua ikishapita, na kuna bwawa moja tena la upande wenu. Mkiacha nyasi iote kando ya mitaro, vichaka virudi, uwanja wenyewe uote chochote kile, safari hii kompyuta itawaona. Usiniambie ni wizi, najua ni wizi. Mara ya kwanza niliiba nikawamaliza, wacha niibe tena niwasaidie. Kikundi utawashawishi wewe, mdomo unao. Shida ni mama. Watu wote humwangalia yeye, akifagia, na wao wanafagia.

Nilijaribu mwenyewe. Nilimpigia Alhamisi, ulipokuwa umeenda sokoni.

“Mwaitu, kwani bado unafagia kila siku?”

“Kila asubuhi. Hata huko nje ya fensi. Si uko huko juu unaangalia?”

“Si mimi, Mwaitu. Ni kompyuta.”

“Na si ni wewe unaikalia? Jana nimefagia mpaka njia ya mto, mgongo nikasikia inataka kukatika. Uliniona?”

Neno lilikuwa hapa mdomoni. Acha. Neno moja tu. Nikasema, “Nimekuona, Mwaitu. Ni safi sana.”

Alifurahi mpaka akaita jirani amwambie. Kwa hivyo najua kesho yake aliamka mapema zaidi, na mimi ndiye niliyemwamsha. Kazi ambayo mimi mtoto wake wa kiume sikuiweza nakupa wewe. Ni uoga, na wewe umezoea uoga wangu tangu utotoni, ulipokuwa ukinichapia watu. Mwambie kweli yote ukitaka, kwamba nilimkana mbele ya watu. Au usimwambie chochote, mfichie tu ufagio, na akitengeneza mwingine ufiche na huo.

Nisalimie mjomba Muthama, mwambie punda wake aishi miaka mingi kwa sababu bado tunamhitaji. Msalimie shangazi Wayua aliyenibeba mgongoni, na mama pasta, umwombe aendelee kuniombea lakini asiulize ni ya nini. Watoto wako uwakumbatie.

Nikuambie maneno ya mwisho ya mama kwa hiyo simu, ndiyo ujue ni kazi gani nimekutwika. Kabla hajakata nilijikaza nikamwuliza kama hawezi kupumzika kidogo, aache tu nyasi iote mpaka mwezi wa kwanza. Akafukuza kuku kwanza. Nilisikia kuku wakilia huko nyuma. Kisha akaniambia polepole, vile humwambia mtoto mjinga:

“Kioko, boma ikiota nyasi ni ya mtu alikufa. Na vile uko mbali hivyo, siku moja uangalie uone nyasi kwa mlango wangu, si utajua nimeenda?”

Ni mimi mdogo wako, ninayekula vizuri,
Kioko